Labo iseme wazi: AS si SS

Juma hili sitaandika juu ya foleni ya malori mpakani wala juu ya bei ya unga. Nataka tuongee juu ya damu ya watoto wetu, na juu ya karatasi ndogo ya labo inayosomwa vibaya hapa Mokambo na mahali pengi pa Haut-Katanga.

Kuna kijana mmoja wa hapa kwetu, mwendesha pikipiki, ambaye alikuwa amekwisha kulipa sehemu ya mahari. Mbele ya ndoa, kanisa likawaomba yeye na mchumba wake wapime damu. Walikwenda kwenye labo moja ndogo, sitaitaja. Karatasi ya kijana iliandikwa: Emmel negatifu. Ya binti: Emmel pozitifu. Hakuna mtu aliyewaketisha na kuwaeleza. Jioni ile ile habari ilikuwa imefika kwa wazee wa kijana: "Ile binti iko na SS, atatuzalia batoto ya mugonjwa." Mjomba wa binti alijaribu kuwatetea, akashindwa. Mahari ikarudishwa. Miezi ilipita, binti akaenda Lubumbashi kwa shida nyingine, munganga akamwandikia kipimo kinachoitwa elektroforesi ya hemoglobini. Jibu likatoka: AS. Yaani binti si mgonjwa. Na kama ile negatifu ya kijana ilikuwa ya kweli, watoto wao wasingeweza kuwa SS hata mmoja.

Posa ile ilivunjwa na kipimo ambacho hakikuwa na uwezo wa kujibu swali waliloulizwa. Ndiyo sababu ninaandika.

Tuanze na damu yenyewe. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna kitu kinachobeba hewa ya oksijeni, kinaitwa hemoglobini. Ya kawaida ya mtu mzima inaitwa A. Kuna nyingine inaitwa S. Kila mmoja wetu anarithi sehemu moja kwa baba na sehemu moja kwa mama. Aliyepata A pande zote ni AA. Aliyepata A upande mmoja na S upande mwingine ni AS: anabeba S, lakini kwa kawaida anaishi maisha yake bila taabu. Aliyepata S pande zote mbili ni SS, na huyo ndiye mwenye ugonjwa ambao Watanzania wanauita selimundu, Wafaransa drépanocytose, na sisi huku tunasema tu "SS". Oksijeni ikipungua, chembe zake zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa, damu inapungua, na vijidudu vinamshambulia kwa urahisi.

Kipimo cha Emmel kilitolewa mwaka 1917 na Mmarekani Victor Emmel. Ni chepesi: tone la damu linafungwa kati ya vioo viwili ili lisipate hewa, linaachwa kwa saa nyingi, kisha mtu anatazama kwa darubini kama chembe zimejikunja. Zikijikunja, jibu ni pozitifu. Kinafanyika bila umeme mwingi na bila pesa nyingi, ndiyo maana kimeenea. Lakini damu ya AS inajikunja na damu ya SS inajikunja pia. Emmel inasema tu kwamba S imo. Haisemi kama A imo pamoja nayo.

Pale ndipo penye hatari, na hesabu inaonyesha ni kubwa kiasi gani. Mwaka 2009 Profesa Léon Tshilolo na wenzake walichapisha matokeo ya kupima watoto wachanga 31,204 wa Kinshasa. Walikuta asilimia 16.9 ni AS na asilimia 1.4 ni SS. Fanya hesabu mwenyewe: katika kila watoto 13 wenye S, 12 ni AS na mmoja tu ni SS. Kwa hiyo mtu anayesoma "Emmel pozitifu" na kusema "huyu ni SS" anakosea mara nyingi kuliko anavyopata. Na yule anayesema "ah, ni AS tu" anaweza kumwacha mtoto mmoja afe bila dawa.

Elektroforesi inafanya kazi ambayo Emmel haiwezi: inatenganisha. Siri yake ni umeme. Hemoglobini S inatofautiana na A mahali padogo sana: katika mnyororo mmoja wa protini, kiungo cha sita, asidi ya glutamiki imeondoka na valini imeingia mahali pake. Ile ya kwanza ina chaji hasi ya umeme, ya pili haina. Tofauti hiyo ndogo inatosha. Ukiziweka A na S ndani ya maji ya chumvi yaliyotayarishwa vizuri na kupitisha umeme, hazitembei kwa mwendo mmoja. Linus Pauling na wenzake walionyesha jambo hili Marekani mwaka 1949, na hapo ndipo dunia ilipojua kwamba ugonjwa unaweza kutokana na molekuli moja iliyobadilika. Njia ya umeme waliyoitumia ilitoka kwa Msweden Arne Tiselius, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1948 kwa kazi hiyo.

Zamani damu iliwekwa juu ya karatasi au juu ya jeli, ukasubiri, ukaipaka rangi, ukatazama mistari kwa jicho. Mwaka 1981 James Jorgenson na Krynn Lukacs walionyesha kwamba kazi hiyo inaweza kufanyika vizuri sana ndani ya kijimrija cha kioo chembamba, na tangu hapo njia hiyo imeenea. Kijimrija hicho kinaitwa kapilari. Tundu lake la ndani ni kati ya sehemu 25 na 100 za elfu za milimita, karibu na unene wa unywele. Kwa sababu ni chembamba hivyo, joto linatoka upesi, na unaweza kupitisha maelfu ya volti bila kuchemsha damu. Mashine za aina hii zinaweza kufika volti 30,000.

Kinachotokea ndani yake ni rahisi kueleza. Tone dogo sana linaingia upande mmoja. Umeme unawashwa. Maji yote ndani ya kapilari yanasukumwa kuelekea upande wa pili, na hemoglobini zinabebwa nayo, lakini kila aina inavutwa nyuma na umeme kwa nguvu yake. S, yenye chaji hasi pungufu, inavutwa nyuma kidogo kuliko A, kwa hiyo inafika mbele ya A. Karibu na mwisho wa njia kuna mwanga unaopita katika kapilari. Kila aina ikipita inakula sehemu ya mwanga, na mashine inachora mlima mdogo. Baada ya dakika chache munganga ana karatasi yenye milima: mlima wa A peke yake na vilima vyake vidogo vya kawaida, au A na S pamoja, au S bila A. Na kila mlima una asilimia yake. Hapo hakuna tena kubahatisha.

Sasa turudi Mokambo. Mtu wa hapa akiandikiwa elektroforesi anafanya nini? Anapanda gari kwenda Lubumbashi, analipa njia, analipa kipimo, analala kwa ndugu, na mara nyingi anaambiwa arudi siku nyingine kuchukua jibu. Wengine wanavuka kwenda Mufulira, upande wa Zambia, wakiwa na jamaa kule. Mwenye shamba la mahindi tu anaacha. Anabaki na Emmel yake, au anabaki bila kitu. Nimemwona mama mmoja ambaye mtoto wake alivimba mikono na miguu akiwa hajatimiza mwaka. Alitibiwa malaria, akatibiwa tena malaria. Halafu jirani wakaanza kumtazama vibaya bibi mzee wa nyumba ile: "Njo yeye anakula damu ya mutoto." Kuvimba kwa mikono na miguu kwa mtoto mchanga ni moja ya alama za kwanza za SS. Kipimo kimoja kingemwokoa mtoto kutoka kwenye maumivu, na kingemwokoa bibi kutoka kwenye midomo ya watu.

Kuna jambo linaloniuma hapa. Mokambo ni mlango. Shaba ya Katanga inapita hapa usiku na mchana. Hakuna lori linaloruhusiwa kutoka bila karatasi za vipimo: madini gani, uzito gani, shaba asilimia ngapi. Tunajua kwa makini kilicho ndani ya jiwe mbele ya kuvuka mpaka. Lakini mtoto anatoka materniti mikononi mwa mama yake, na hakuna anayejua kilicho ndani ya damu yake. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2010 Kongo yetu ilipata watoto karibu 40,000 wa SS, nchi ya mbele kabisa duniani pamoja na Nijeria na India. Si ugonjwa wa watu wachache.

Najua jibu nitakalopewa. Litasemwa: mashine ni ya bei kali, umeme unakatika, dawa za mashine zinatoka Ulaya, nani ataitengeneza ikiharibika? Ni maswali ya haki, na sitaki kuyaruka. Mashine ya elektroforesi ya kapilari iliyokufa kwenye kona, imefunikwa kitambaa, haimsaidii mtu. Kwa hiyo siombi mashine Mokambo. Ninaomba vitu vitatu vinavyowezekana.

Kwanza, mashine ifanye kazi Lubumbashi, mahali penye wataalamu na jenereta, na damu ndiyo isafiri badala ya mgonjwa. Tone la damu ya kisigino cha mtoto linakaushwa juu ya karatasi ya chujio. Karatasi hiyo haihitaji barafu kama chupa ya damu, inaingia ndani ya bahasha. Ndiyo njia inayotumika tayari Afrika yote kupima virusi vya UKIMWI kwa watoto wachanga, na mashine za kapilari zinaweza kusoma hemoglobini kutoka kwenye karatasi hiyo. Bahasha ya Mokambo, bahasha ya Sakania, bahasha ya Kasumbalesa zinaweza kupanda gari moja kila juma. Jibu lirudi kwa simu kwa muuguzi wa kituo cha afya, na muuguzi amwite mama.

Pili, materniti zipewe vile vipimo vya haraka vya kijikaratasi, vinavyofanana na kipimo cha malaria. Vipo, havihitaji umeme, vinatofautisha AA, AS na SS kwa dakika chache. Kuna watakaosema: basi kama vipo, elektroforesi ya nini? Ni ya kuhakikisha. Kijikaratasi kinatafuta tu aina kilichofundishwa kuzitafuta. Elektroforesi inaonyesha aina nyingi zaidi, na inaonyesha kiasi cha kila moja. Inasaidia pia kumfuata mtoto anayekunywa hidroksiurea, dawa inayoongeza hemoglobini F, ile ya utotoni, inayozuia S isishikamane. Kijikaratasi kiwe mlinzi wa mlangoni, elektroforesi iwe hakimu.

Tatu, na hili halihitaji pesa: hakuna labo itakayompa mtu karatasi ya "Emmel pozitifu" bila kuandika chini yake kwamba kipimo hiki hakitofautishi AS na SS. Sentensi moja tu. Wakuu wa zoni ya afya wanaweza kuamuru hivyo kesho asubuhi.

Kuhusu pesa za mambo mawili ya kwanza, tusiseme hazipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kampuni za madini zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji, na inazipa sekta na miji yetu asilimia 15 ya ushuru wa madini. Tumeona pesa hizo zikijenga majengo na kununua viti. Wanaokaa katika kamati hizo waulizwe: kwa nini vipimo vya watoto wachanga haviko kwenye orodha?

Lakini kuna onyo. Kipimo bila matunzo ni kumwongezea mama huzuni. Kama tunamwambia "mtoto wako ni SS" halafu tunafunga mlango, afadhali tungenyamaza. Na matunzo yanajulikana. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba penisilini ya kila siku ilipunguza maambukizi mabaya ya pneumokoki kwa watoto wa SS kwa asilimia 84. Penisilini si dawa ya matajiri. Hidroksiurea nayo ilijaribiwa kwa watoto wa Kiafrika katika nchi nne: Angola, Uganda, Kenya na hapa kwetu Kinshasa, katika hospitali ya Monkole. Matokeo yalitangazwa mwishoni mwa mwaka 2018: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua. Ongeza chanjo, chandarua, maji ya kutosha, na mama anayejua kwamba homa ya mtoto wa SS haisubiri kesho. Bila hayo, zaidi ya nusu ya watoto hawa wanakadiriwa kufa mbele ya miaka mitano. Pamoja na hayo, wanasoma, wanaoa, wanazeeka.

Nina neno pia kwa wachungaji na wazee wa makanisa, kwa heshima. Mnafanya vema kuwaomba vijana wapime. Lakini pimeni kwa kipimo kinachojibu, na pimeni mapema, wakati vijana bado hawajafungana mioyo na jamaa hazijala pamoja. AS na AA wakioana, hawazai SS. AS na AS wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, na ni kila mimba, si kwamba mtoto wa kwanza akiwa SS watatu wanaofuata wamepona. Waelezwe hivyo, kisha waachiwe uamuzi. AS si laana. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana S imebaki nyingi katika nchi zetu za mbu: babu zetu wengi waliishi kwa sababu yake.

Na kwa wazazi: kama mtoto wako ameongezewa damu, usikimbilie elektroforesi juma lile lile. Damu aliyopewa ina A ya mtu mwingine, na mashine itaiona. Mwambie munganga tarehe ya kuongezewa damu, na kwa kawaida mtasubiri karibu miezi mitatu au minne. Karatasi ya jibu itunzeni kama kadi ya chanjo. Usimwache mtu aisome kwa niaba yako barabarani.

Yule binti niliyeanza naye bado yuko hapa Mokambo. Anauza mikate karibu na barabara, na ile karatasi ya AS anaitembeza ndani ya mfuko wake, imekunjwa mara nne. Nilimuuliza kwa nini anaibeba kila siku. Akanijibu: "Banitangaza na karatasi. Na miye nitajitetea na karatasi."

Hapaswi kujitetea. Labo ndiyo ilipaswa kusema wazi tangu siku ya kwanza. Tarehe 19 Juni kila mwaka dunia inaadhimisha siku ya ugonjwa huu, na viongozi wetu watavaa fulana na kupiga picha. Mwaka huu, mbele ya picha, watuonyeshe bahasha ya kwanza ya Mokambo ikiondoka kwenda Lubumbashi, na jibu lake likirudi.

Mwandishi wenu, Mokambo.